Migogoro ya Tanzania na Kenya: tuendelee kusubiri wakubwa wapigiane simu, au vyombo vya Arusha vipewe meno?

Wadau, habari za leo. Naleta mada hii nikiwa Arusha, na naomba tuijadili kwa hoja, hasa nyie wa Namanga, Holili na Tarakea ambao mpaka ndio unaowapa riziki.

Kila Tanzania na Kenya zinapokorofishana kibiashara, ugomvi unamalizwa na wakubwa wawili wakikutana au mawaziri wakipigiana simu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa mjini. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki nayo iko hapa hapa. Lakini ugomvi unapita juu yao. Mimi nasema hilo likome, na Mkataba wa Jumuiya urekebishwe ili likome.

Nianze na kazi yangu, maana mimi ni mwongoza watalii. Tarehe 22 Desemba 2014, wageni wakiwa ndio wanamiminika, Kenya ilizuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Msingi wao ulikuwa makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili. Machi 2015 sisi tukajibu: safari za Kenya Airways kuja nchini zikapunguzwa kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ikaisha vipi? Rais Kikwete na Rais Kenyatta walikutana Windhoek, Namibia, kwenye kuapishwa kwa rais wa huko, wakaelewana. Ugomvi wa Arusha na Nairobi, miji ambayo ukiondoka mmoja asubuhi mchana uko mwingine, ulimalizwa Windhoek! Na miezi yote hiyo mitatu hakuna aliyetuuliza tumepoteza nini.

Makubaliano hayo ya 1985, yanayotaka wageni wabadilishe gari mpakani, bado tunaishi nayo. Nenda Namanga uone. Gari la utalii kutoka Nairobi linaegesha, mabegi yanashushwa juani, dereva anayahesabu na kumkabidhi mwenzake wa Arusha, na mgeni anauliza kama gari limeharibika. Unamwambia ndio utaratibu. Kumbuka pale pana kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa na marais wawili mwaka 2018, ambacho shabaha yake ni kurahisisha watu na mizigo kupita.

(Kabla hamjaniuliza kuhusu njia ya mpakani ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, iliyofungwa tangu 1977: mimi nataka ibaki imefungwa. Ikifunguliwa, mgeni atalala Kenya, ataiona Serengeti na kurudi bila kukanyaga Arusha. Lakini nataka hoja hiyo isikilizwe hadharani, mwenzangu wa Narok, upande wa Kenya, naye aseme yake.)

Mifano mingine mnaijua. 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada upande wetu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Januari 2024 ikawa zamu ya ndege tena.

Kwa nini vyombo vya Arusha havishiki haya? Soma Ibara ya 12 ya Mkataba: Wakuu wa Nchi wanaamua kwa maafikiano. Nchi iliyokiuka imekaa mezani, na bila yake hakuna uamuzi. Ibara ya 148 inaweka kando sauti ya mkosaji pale tu anapojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa uanachama, na hakuna atakayemfukuza jirani kwa ajili ya mahindi. Pendekezo langu: Mahakama ikishatoa hukumu na nchi ikakaidi, sauti ya nchi hiyo isihesabiwe katika kuamua adhabu.

Na sisi Watanzania tusijifanye watakatifu. Julai 2025 Serikali yetu ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii imo. Kenya ikalalamika kwamba amri inakiuka Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya. Amri hiyo inanilinda mimi moja kwa moja. Hata hivyo niko tayari ipimwe mahakamani, na ikishindwa nitakubali.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA MOSHI: Kaka, hoja yako nimeielewa lakini siikubali. Mimi napeleka mahindi na vitunguu Kenya kupitia Holili. Mwaka 2021 zuio lile lilidumu siku chache tu, likaondolewa kwa masharti: muagizaji asajiliwe na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi kiwango. Kilichofanya kazi ni mawasiliano ya serikali. Sasa linganisha na kesi ya British American Tobacco dhidi ya Uganda kuhusu ushuru wa sigara: imefunguliwa 2017, hukumu 2019. Ile ni kampuni yenye mawakili. Kitunguu changu kinasubiri miaka miwili? Tuacheni na simu zetu, ndizo zinazofungua geti.

MLETA MADA: Asante dada, umenibana mahali penyewe. Ni kweli simu ina kasi, na sisemi ifutwe. Lakini simu ilifungua geti tu. Mzigo ulioharibika ukiwa foleni, nani aliulipa? Tena simu inategemea wakubwa wawe wanaelewana. Wasipoelewana, tuliona: Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali ukaja kusainiwa hapa Arusha 1984 kwa usuluhishi wa Victor Umbricht kutoka Uswisi. Hiyo ni miaka saba, si miwili.

Kuhusu mawakili na gharama, hapo uko sahihi kabisa na naongeza kwenye pendekezo langu. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri, lakini ndani ya miezi miwili tu. Mfanyabiashara mdogo miezi hiyo anaimaliza akizunguka ofisi moja hadi nyingine kudai mzigo wake. Muda uwe mwaka mmoja. Na Mahakama ina masjala ndogo, yaani ofisi za kupokea kesi, kwenye nchi wanachama, ila kwetu iko Dar es Salaam. Ifunguliwe dirisha Holili na jingine Namanga, jengo moja na forodha, karani apokee malalamiko kwa Kiswahili siku hiyo hiyo mzigo unapozuiwa. Dada, dirisha hilo likiwepo ungelitumia, au bado ungeanza na simu?