Visiwa vya Lofoten (Norwe): niende mwezi wa tatu ao wa sita? Na nilale kijiji gani?

Binti_ya_Kituku

Jambo kwenu wote. Niko Goma, yaya yangu, mukubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Norwe mu muji ya Bodø na ameniita nikuje kumusalimia. Nitapitia Kigali, ile nimeisha panga. Shida yangu ni visiwa vya Lofoten. Yaya anasema toka kwao unapanda meli, masaa tatu na kitu hivi uko unafika, lakini yeye mwenyewe hajafikaka kule, anatumika kila siku.

Mama yangu anauzishaka sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa Kivu, na makayabu, samaki ya chumvi, ku soko ya Kituku hapa Goma, toka niko mudogo. Masomo yangu yote imelipwa na samaki. Sasa siku moja niliona foto ya ile visiwa, samaki maelfu imetundikwa inje ku miti, chini kuko teluji, nikamuonesha mama. Akaangalia ile foto muda murefu, akaniuliza: jua iko wapi? Na chumvi je? Nikakosa cha kumujibu. Ndiyo maana mimi nataka kuona vijiji vya wavuvi kwanza, milima inafuata. Yaya ananipa nichague mwezi wa tatu ao wa sita. Niende lini, nilale wapi, na juu sijui kuendesha motokari nitatembea na nini? Niko na siku tano tu.

Mushi_wa_Kaskazini

Dada, mwezi wa tatu. Mimi ni wa Bukavu, Kadutu, nilitumika misimu miwili mu nyumba ya kupokelea samaki karibu na Svolvær, kazi yangu ilikuwa kufunga samaki mbili mbili ku mikia na kuzitundika, mikono ilikuwa inakufa baridi mupaka sisikie kamba.

Ile samaki ni moru, samaki ya bahari ya baridi (Kiingereza cod), wao wanaiita skrei. Inaishi mbali kaskazini mu bahari ya Barents, kisha kuanzia mwezi wa kwanza mupaka wa ine inashuka kutaga mayai mu maji ya Lofoten, na mashua yote inaifuata. Mwezi wa sita imeisha rudia kwayo. Wanaitundika toka mwezi wa pili, mupaka wa tano inakuwa pale ku chanja, ile miti ya kukaushia, ikifika wa sita wanashusha. Ukikuja ile wakati utakuta miti mitupu na watalii.

Mwambie mama: chumvi hakuna hata kidogo, na jua si yeye anafanya kazi. Ni upepo na baridi. Lofoten iko juu sana ya dunia, kupita ule mustari wa Aktiki, lakini kuko mukondo wa maji ya moto-moto unatoka mbali Atlantiki unapita pale, kwa hiyo kipupwe joto inabakia karibu na zero tu. Ikishuka sana samaki inaganda na nyama inaharibika, ikipanda sana nzi zinakuya na inaoza. Pale katikati ndiyo Lofoten iko, na ndiyo siri yote. Samaki inakauka inakuwa nguvu kama ubao, wanaiingiza mu depo miezi ingine miwili mitatu, halafu kuko mutu kazi yake ni kuchagua tu, anashika moja moja, anaigeuza, ananusa, anaitupa mu fungu yake, na mafungu ni karibu makumi mbili! Nilikuwa nasimama kumuangalia kama vile mutoto anaangalia mwalimu. Ya muzuri zaidi inaenda Italia. Vichwa vinakaushwa pembeni, vinaenda Nijeria. Makayabu ya mama yako ni ndugu yake, lakini ile wanaitia chumvi kwanza.

Kwa kulala, chagua Henningsvær ao Svolvær. Ku Henningsvær chanja zinaanzia karibu na nyumba za watu, na mashua inaingia muchana unaona kila kitu. Utaona na watoto wa masomo wanakata ndimi za moru, ni kazi yao toka zamani, pesa inakuwa yao wenyewe.

Himbi_Luleå

Mushi nakuheshimu lakini mimi sikubaliane. Mutu anatoka Goma mupaka kule mara moja mu maisha, anyimwe jua ya usiku? Mimi naishi Luleå upande wa Uswidi, ile barabara E10 inatoka huku kwetu inaenda kuishia ku kijiji cha mwisho cha Lofoten, jina yake ni herufi moja tu, Å, na tangu 2007 unafika kwa motokari bila kupanda meli. Nilienda mwezi wa sita. Jua haizame, kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mupaka katikati ya wa saba. Nilipanda mulima Reinebringen, ni mita 448 tu lakini imesimama kama ukuta, ngazi za mawe karibu 2,000 zilijengwa na Washerpa waliotoka Nepal. Nilifika juu saa sita ya usiku, chini naona vijiji vya Reine, Sakrisøy na Hamnøy, vijumba vyekundu ku ukingo wa maji, milima imezunguka, maji imetulia kama Kivu asubuhi mbele upepo haijaamka. Nilikaa pale nikalia, nawaambia ukweli.

Mwezi wa tatu ile ngazi ni barafu na teluji inaporomokaka toka juu. Dada kama utaenda ile wakati usijaribu kuipanda, hata watu wakikuambia nini.

Mama_wa_Nyawera

Mwanangu, wote wawili wanasema kweli, lakini weye uliuliza juu ya samaki, basi fuata samaki. Mimi nilienda mwezi wa tatu na wamama wa kanisa, tulitoka Bodø. Na kuhusu giza usiogope, karibu na tarehe 20 muchana na usiku ni sawa sawa kama kwetu Bukavu. Halafu usiku tukaona ule mwanga wa kijani unatembea mbinguni, mwezi wa sita huwezi kuuona juu hakuna giza.

Lala mu rorbu. Ni nyumba ya mbao ya wavuvi, imesimama ku nguzo juu ya maji. Mufalme Øystein ndiye aliwajengea wavuvi nyumba kama zile karibu na mwaka 1120, upande wa Kabelvåg, juu mbele walikuwa wanalala chini ya mashua zao zimepinduliwa. Fikiri, na ile baridi! Mwisho wa miaka ya 1800 walikuwa wanakuya zaidi ya 30,000 musimu moja. Ndiyo maana ku Kabelvåg kuko kanisa kubwa ya mbao ya 1898, inaingia watu 1,200, mu kijiji kidogo vile. Tuliingia tukaimba mule, sauti inarudi toka juu, nikawaza ile wanaume wote na manguo inanuka samaki, bibi zao wako mbali.

Mu rorbu kuko jiko, nunueni chakula ku alimantasyo mupike wenyewe, otele na restora ni bei ya kuumiza, na mukiwa wane munagawana. Lakini siku moja kula mølje, ni moru ya mubichi na ini yake na mayai yake, wanaikula ile musimu. Bisi iko toka Svolvær mupaka Å, si mingi kwa siku, uliza saa mbele. Vaa sufu ndani na koti ya kuzuia upepo inje, viatu nunua vile vya misumari ya barafu. Na uliza tarehe ya mashindano yao ya kuvua skrei ku Svolvær, ni mwezi wa tatu, ile siku hakuna kitanda.

Binti_ya_Kituku

Aksanti sana mama, aksanti ba yaya. Himbi, umenigusa na ile ya Kivu asubuhi, lakini nimeamua: mwezi wa tatu, siku tatu Henningsvær na mbili kule Reine, nitaangalia ule mulima toka chini. Nimemusomea mama jibu ya Mushi, amesikiliza bila kusema, kisha ameuliza kama anaweza kupata samaki moja tu aishike. Naweza kuleta?

Mushi_wa_Kaskazini

Nunua ku butiki ao kwa wenye depo, ku chanja usiguse hata moja, kila samaki iko na mwenyewe. Uliza na ku kompani ya ndege mbele. Ifunge mu plastiki mbili tatu juu harufu itaingia mu manguo yote. Na mama asiipike kama makayabu: ailoweshe mu maji ya baridi karibu wiki nzima, abadilishe maji kila siku, na juu Goma hakuna baridi ya kutosha aiweke mu frigo. Kama umeme inakatika, aikate vipande mbele ili ilowane mbio. Umupigie na foto ya yule mutu wa kuchagua, kama atakubali.