Naomba ushauri: mwanangu anataka kufuata nyayo za nyanya yake

Wanachama wenzangu, hamjambo. Naomba ushauri kuhusu mwanangu aliyemaliza kidato cha nne hapa Kisumu. Tangu utotoni, likizo zake huzipitisha Ahero kwa nyanya yake mzaa baba, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii. Kijana humbebea mkoba wa vifaa nyumba kwa nyumba, huwafunga wazee kitambaa cha kupimia presha mkononi na kuzisoma namba kwa sauti, kwa kuwa macho ya nyanya yamefifia; na mto Nyando unapofurika, huwasaidia majirani kuhamisha magodoro na mbuzi kabla hajaombwa. Moyo huo, kwa kweli, hakuutoa kwetu wazazi.

Sasa anataka kusomea afya ya jamii katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ilhali baba yake anasisitiza uhasibu, kwa sababu alimwona mamake akihudumu miaka mingi bila mshahara. Tumewakalisha pamoja mbele ya nyanya mwenyewe, lakini amekataa kuegemea upande wowote.

Je, waliohitimu stashahada ya afya ya jamii wamepata ajira katika kaunti au mashirika, au wamelazimika kuongeza masomo mengine? Na wale waliowahi kuwa katika hali hii, mlizungumzaje na baba bila kuonekana mnampinga mbele ya mtoto, wala kumfanya ahisi kwamba anaidharau kazi ya mama yake?