Tupeane uzoefu: mlioacha taaluma mkaanza kazi nyingine kabisa, Arusha na Moshi

Mama_Njiro: Wakuu, uhasibu umenichosha, nataka kuwa fundi cherehani. Mliobadili kazi, mlikula nini miezi ya mwanzo?

Ticha_Mlimani: Dada, umenitonesha. Nilifundisha shule binafsi, mshahara unakuja ukijisikia. Nikapanda Kilimanjaro kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii. Getini Machame mzigo ukapimwa, kilo 20, nikasema mbona kawaida. Ngoja sasa kambi ya Barafu. Pale hakuna maji, yanachotwa bonde la Karanga mlikotoka. Nimefika kichwa kinagonga, mpishi ananipa dumu, rudi bondeni. Napandisha nalo, upepo unanisukuma pembeni, nasikia: "Shikamoo ticha!" Kijana niliyekuwa namchapa kwa utoro, sasa muongozaji msaidizi. Akanipokea dumu mbele ya wagumu wote. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Siku hizi naongoza mwenyewe, ila jina la Ticha halijabanduka.

Pasua_Kwetu: Maji ya Karanga, acha kabisa.

Dereva_Mstaafu: Corona ya 2020 ilivyokata watalii niliacha usukani, nikaenda Mang'ola kulima vitunguu. Dada achana na cherehani, lima.

Ngaramtoni_Juu: Bei ikianguka atawalisha mbuzi? Dada, usiache kazi. Ulizia VETA kozi za jioni.

Fundi_Kiboriloni: VETA ya nini! Nunua mitumba, fumua, ishone upya. Ukiharibu, umeharibu nguo ya bei ya chini.

Kaunta_Zamani: Mimi nilikuwa benki. Nikaacha kimyakimya, nikaingia migodi ya tanzanite Mererani kuwa mwanaapolo, mchimbaji. Nyumbani nikasema nimehamishiwa Babati. Chini kule hakuna mshahara, ni chakula tu mpaka jiwe litoke. Siku moja napanda juu, uso mweusi wa vumbi, simu inaita. Mke wangu: "Baba Neema, niko na mtoto stendi ya Babati, tawi lenu liko wapi?"

Pasua_Kwetu: Mamaaa!

Ngaramtoni_Juu: Chai hiyo. Tangu ukuta wa kuzunguka migodi ujengwe 2018 getini pale unakaguliwa, mtu wa benki unaingiaje?

Kaunta_Zamani: Nimesema ni baada ya ukuta? Soma vizuri.

Ticha_Mlimani: Ngaramtoni, muache amalize! Ulimjibuje shemeji?

Mama_Njiro: Na jiwe lilitoka?

Kaunta_Zamani: Simu inazima. Nitamalizia kesho.

Fundi_Kiboriloni: Watu wa hivi ndio wanaharibu uzi wa watu. Ila mkuu, hiyo kesho ni saa ngapi?