Reli yetu: ibakie ya Leta (serikali) ao ipewe prive (sosiete za bantu binafsi)?

Mwana_Kamalondo
Bandugu jambo, minauliza kintu moja. Tangu banaanza kusemea hii njia ya Lobito, reli ya kutosha madini huku Kongo mupaka ku bandari ya Lobito mu Angola, kila muntu huku Lubumbashi anasema Leta imeshindwa, reli ipewe tu prive. Baba yangu alitumika ku reli, myezi inapita bila mushahara, mama njo alitulisha na kuuzisha mukate, kwa hiyo miye siwezi kutetea Leta na moyo yote. Lakini prive akikuya atabeba shaba na kobalti, na mama wa Kamina mwenye mifuko yake ya mahindi atapanda nini?

Yaya_Katuba
Ndugu yangu, prive alishakuya huku! 1995 balileta Sizarail, sosiete ya reli yenye Spoornet ya Afrika Kusini na Babelge balikuwa ndani, kisha 1997 serikali mupya ya Kabila ikakamata yote. Myaka mbili tu. Nani ataweka franga yake mu reli kama hajue kesho itakuwa ya nani?

Mwalimu_Ruashi
Muangalie Uingereza. 1994 balikata reli vipande vipande, njia kwa Railtrack, treni kwa sosiete zingine, kila mutu anasukumia mwenzake shida. Mwezi wa 10 mwaka 2000 reli ikapasuka pale Hatfield, treni ikaanguka, bantu 4 bakakufa, na ile mipasuko balikuwa banaijua, reli mupya zililetwa lakini hazikufungwa. Inauma. 2001 Railtrack ikaanguka, na mu 2025 treni za abiria zilikuwa zinarudishwa kwa serikali. Japani nayo iligawa reli 1987, lakini kule mwenye treni njo mwenye njia, akiacha njia ioze treni yake njo inaanguka. Ila Hokkaido, kwenye bantu ni kidogo na baridi kali, haipate faida mupaka leo.

Papa_Shemino
Watoto, ku Angola, kwenye hii njia ya Lobito, hawakuuzisha reli. Ni kontra ya myaka 30 kwa sosiete tatu, Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, babebe mizigo, treni ya bantu ilibakia kwa CFB, sosiete ya reli ya serikali. Siye pia treni ya bantu iandikwe mu kontra, mara ngapi ku juma, na prive alipe franga ya kupita ile itengeneze njia.

Mwana_Kamalondo
Aksanti papa. Na ile kontra bailete kwa Kiswahili, tuisome siye wote mbele basaini.