Tiba ya kufuata kidole kwa macho: ni tiba kweli au kiini macho?

MTOA MADA: Wadau, habari zenu. Jana kijiweni Majengo, hapa Moshi, mzee mmoja alisema hii tiba ya macho kwa watu wenye kiwewe ni kiini macho tu. Neno hilo nimelala nalo. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alinusurika ajali njia ya Himo. Mguu umepona, yeye bado. Akisikia breki za lori anaikamata meza kwa mikono miwili, chai inamwagika.

Tiba hii ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987. Mgonjwa analishika tukio kichwani huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu, kushoto, kulia, kisha anapumzika na kusema kilichomjia. Hatua ziko nane, na macho hayaanzi kazi mpaka hatua ya nne. Kabla ya hapo anasikilizwa na kufundishwa kujituliza. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013. Msimamo wangu: hospitali za Kilimanjaro ziwasomeshe washauri wao.

MCHANGIAJI: Pole kwa mdogo wako, mkuu. Ila wapo watafiti wanaosema macho hayaongezi kitu. Kinachoponya ni kulikabili tukio mahali salama, na hilo tiba ya mazungumzo inalifanya. Shirika hilohilo, mwaka huohuo, liliipendekeza nayo. Washauri wenyewe ni wachache. Hela kidogo tuliyo nayo iende kwenye kidole?

MTOA MADA: Hapo kwenye macho wataalamu bado wanavutana, nakubali. Wengine wanasema akili ikibeba kumbukumbu na kufuata mkono kwa wakati mmoja, ile picha hupungua makali. Lakini kwangu jambo kubwa ni jingine: tiba hii haimdai mgonjwa asimulie kila kitu kwa kirefu, wala haimpi kazi za kufanya nyumbani. Vijana wetu hawasimulii, mkuu. Ukimuuliza, yuko poa.

Ninachokiogopa ni mtu aliyejifunzia kwenye video za simu kuja kumpungia mtu vidole. Kulifungua jeraha bila kujua kulifunga ni hatari, ndiyo maana nataka waliosomea.

Mwezi uliopita mama alimbembeleza mdogo wangu aseme. Akasema, "Lilikuwa na taa moja," akanyanyuka, akatoka nje. Mpaka leo hajaongeza neno.