Tumbo la sliivu linatanuka tena au ni hofu yangu tu?

bidada_sliivu:
Habari zenu jamani, naombeni mnitoe wasiwasi maana hata usingizi siupati vizuri. Nilifanyiwa opresheni ya kupunguza tumbo, hii ya sliivu, mwaka umeshapita na uzito umeshuka vizuri namshukuru Mungu. Sasa mwanzoni nusu yai tu nilikuwa hoi, siku hizi namaliza yai zima na kipande cha kuku na mboga kidogo na saa nyingine naona nafasi bado ipo. Ndo naogopa limeshatanuka linarudi kulekule. Kuna mtu kaniambia nikae siku kadhaa na maji na supu tupu eti linasinyaa upya, ni kweli? Na nitajuaje kama limetanuka?

nesi_wa_zamu:
Pole dada, ila hicho unachokieleza ndo tunachotarajia kwa mtu aliyepona. Zile wiki za kwanza tumbo lilikuwa limevimba kwa ndani sababu ya kukatwa na kubanwa pini, ndo maana hata maji ulikuwa unameza kwa tabu, kule kubana kwa mwanzo hakukuwa ukubwa halisi wa tumbo lako. Uvimbe ukiisha nafasi inaongezeka, na miezi ikienda linalegea kidogo.
Angalia hesabu. Tumbo zima linachukua kama lita 1 hadi 1.5, kwenye sliivu inaondolewa sehemu kubwa, inabaki ya mililita 100 au 150 hivi. Na ile iliyoondolewa inabeba sehemu ya juu kushoto, fandasi, ambayo ndo inayotanuka kirahisi kuliko zote na ndo inatoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Kwa hiyo hata likilegea kulingana na ulivyosema bado liko mbali sana na lile la zamani. Na mlo mmoja mkubwa hauliharibu, tumbo ni msuli, linapanuka chakula kikiingia na linarudi.

mzee_kifuko:
Nesi kasema kweli lakini tusimwambie kwamba halitanuki kabisa. Kuna sliivu zinatanuka, hasa fandasi ikibaki kidogo kule juu, au mtu akiwa anakula kila siku mpaka kifua kinabana. Sisi wa baipasi, ile opresheni nyingine ya kuunga kifuko kidogo cha tumbo na utumbo, tuna kifuko cha kama mililita 30, na pale kilipoungwa na utumbo napo panaweza kupanuka, chakula kinateremka haraka na njaa inawahi kurudi.
Ila binti usijipime kwa vyakula laini, aiskrimu au biskuti zilizolowekwa kwenye chai zinateleza zinapita hata tumbo likiwa dogo vipi, utakula nyingi na kalori zinaingia bila kushiba. Jipime kwa kuku au samaki, tafuna taratibu, usinywe kitu. Kama kiasi kidogo kinakutosha basi bado linafanya kazi yake.

nesi_wa_zamu:
Sawa mzee, hilo la fandasi nakubaliana nalo.
Dada hiyo ya maji na supu achana nayo kabisa, hakuna ushahidi kwamba inasinyaza tumbo. Utaona mzani umeshuka lakini mengi ni maji, na huku unajinyima protini ambayo wengi wetu tunaambiwa tufikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku, misuli ndo inaliwa. Ukitaka kurudi kwenye mstari rudia sahani ndogo, protini kwanza, na hapohapo ulipohisi umeshiba uache hata kama kimebaki kijiko kimoja.
Hospitali nenda kama shibe imepotea kabisa na uzito unapanda mfululizo, au kiungulia kikali, au unatapika. Watakupiga eksirei ukiwa umekunywa dawa nyeupe ya bariamu, au endoskopi, ile kamera ndogo inayopitishwa mdomoni, hapo ukubwa unaonekana kwa macho. Likiwa limetanuka kweli kuna kulishona kwa ndani kwa endoskopi, au kuigeuza sliivu iwe baipasi, lakini kwa kawaida wanaanza na mtaalamu wa lishe maana mara nyingi uzito ukirudi shida siyo tumbo peke yake, njaa na mazoea navyo vinarudi. Na kupanda kidogo baada ya mwaka wa pili ni kawaida kwa wengi.

bidada_sliivu:
Asanteni sana jamani, moyo umetulia. Kwa kuku bado nashiba mapema, hicho kipande hata nusu ya kiganja hakifiki. Kiungulia sina. Ila maji huwa nakunywa katikati ya chakula, hiyo nayo inatanua?

mzee_kifuko:
Kutanua siyo tatizo lake, tatizo yanaweza kukisukuma chakula kiteremke upesi ukose shibe, na yanaweza kukuletea kichefuchefu. Kunywa kabla, kisha ukimaliza kula ngoja kama nusu saa. Soda nayo iache, gesi inajaza tumbo na kuuma na ile sukari yake utaipata bila kushiba.

bidada_sliivu:
Nimekuelewa mzee wangu, naanza leoleo na chupa inakaa mbali na meza.