Mrejesho: zile bluu nne za batiki yetu

Wakuu, salaam. Mimi ndiye niliyeomba ushauri mwezi uliopita: wanafunzi wanne, nguo nane za batiki za kumalizia mwaka, kila mmoja katia rangi kwao, na tulipozitandaza pamoja bluu zikawa nne. Nne! Na mwenzetu mmoja alikuwa hapokei simu.

Aliyesema "siku moja, beseni moja, mkono mmoja", yaani nguo zote zitiwe rangi pamoja na mtu mmoja apime, Mungu ambariki. Tulinunua bafta upya (hapo mfuko ulilia), tukailoweka usiku kucha na kuifua ili kutoa wanga, kumbe ndio uliokuwa unazuia rangi kushika. Tukapiga nta, kisha mmoja wetu tu ndiye aliyepima rangi, kostiki soda na haidrosi (kemikali za kuyeyushia rangi), kijiko kilekile, glovu mkononi. Kitambaa kinatoka kwenye beseni kikiwa kijanikijani, ukikitundika kivulini kinageuka bluu huku unakitazama. Nilisahau hata kupiga picha.

Yule asiyepokea simu alikuwa anamuuguza mama yake. Sisi tulishamsema vya kutosha, aibu yetu. Tukampelekea kazi ya kupinda na kutia vifungo aifanyie nyumbani, na pindo zake ndizo mwalimu alizozigeuzageuza akizisifia.

Tumepata B+. Gauni la saba lina doa la nta kwapani, halikutoka hata kwa maji ya kuchemka. Tulilipandisha jukwaani hivyohivyo, mwanamitindo kabana mkono mwanzo mwisho.